Masazo ya Shambani na Hukumu ya Wizi

Amri ya kutoiba twaijua sote tangu mafundisho ya ubatizo. Walakini ni nani aamuaye kwamba kitu hiki kimeibwa? Neno hili liliwasumbua sana watu wa mashamba huko Uingereza katika karne ya 19, wala si neno jepesi.

Tangu zamani wanawake maskini wa huko, pamoja na watoto wao, waliokota masazo ya ngano baada ya mavuno, kama Ruthu alivyookota katika shamba la Boazi. Mwaka wa 1788 mwanamke mmoja wa kijiji cha Timworth, jina lake Mary Houghton, alishtakiwa kwa ajili ya kuokota huko. Waamuzi wakuu wanne wakasikiliza. Watatu walisema kwamba sheria haimpi maskini haki hiyo. Mmoja tu alikataa. Torati ya Musa ilitajwa, ikajibiwa kwamba haiwafungi Waingereza. Basi wanawake waliinama shambani vilevile kama mama zao walivyoinama. Sheria ndiyo iliyohama.

Walakini desturi haikufa. Katika vijiji vingi, karne ile ya 19, kengele ya kanisa ilipigwa asubuhi siku za mavuno, ili wote waanze kuokota pamoja, asipunjike mzee wala mwenye mtoto mchanga. Sheria ilikataa, na kengele ikaita.

Mazao yaliyo bado ardhini yalikuwa na hukumu nzito zaidi. Kwa sheria ya 1861, mtu aliyeiba turnipi shambani, ambayo ni mboga ya mzizi waliyolishwa hata kondoo, aliweza kufungwa mpaka mwezi mmoja, au kulipa thamani yake na faini isiyozidi shilingi 20. Fedha hizo kibarua hakuzipata chini ya majuma mawili hivi. Tena hakimu mmoja alitosha. Naye mara nyingi alikuwa mwenye mashamba, au rafiki yake. Hakulipwa mshahara, wala hakulazimishwa kusomea sheria. Na wengi wao, hasa mwanzoni mwa karne, walikuwa makasisi.

Hapo ndipo moyo wangu unaposhikwa. Sisemi mwizi aachwe. Mwenye shamba naye ametoka jasho, na bustani ya maskini huibwa pia, naye huumia kuliko tajiri. Wengine watanijibu kwamba kasisi atahukumu kwa huruma. Labda wako waliofanya hivyo. Lakini makasisi wale walikula zaka ya mazao ya mashamba yale yale, hata ilipogeuzwa kuwa fedha kwa sheria ya 1836. Hakimu aliketi na chakula chake mwenyewe kikiwa ndani ya mizani. Jumatatu amemfunga mtu kwa turnipi chache. Jumapili mkewe anapiga magoti mbele yake apokee Chakula cha Bwana kwa mkono uleule ulioandika hukumu. Na yule mume atokapo gerezani, akitaka kutubu mbele ya mchungaji wake, aende kwa nani?