Heshima ya Mashahidi

Tarehe 7 Machi 203, katika mji wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, Perpetua na Felisita waliuawa hadharani kwa kukataa kuikana imani ya Kikristo. Perpetua alikuwa binti wa watu wenye cheo, na mama anyonyeshaye. Felisita alikuwa mtumwa, naye alijifungua gerezani siku chache kabla ya kufa. Maisha yaliwatenga, kifo kiliwaunganisha. Kwa karne nyingi majina yao yametajwa pamoja katika sala za Kanisa, wala la mtumwa halikumezwa na la muungwana.

Mfano huu ni kipimo chema cha heshima ya mashahidi popote. Usiku mmoja wa Oktoba 1896, huko Akeri, chini ya Mlima Meru, wamisionari wawili wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha. Pamoja nao walikufa Wachaga waliofuatana nao kuwasaidia. Majina ya wawili husomwa vitabuni. Ya wenzao yamo midomoni mwa wachache. Ikiwa mauti hayakubagua, kwa nini kumbukumbu ibague?

Liko swali la pili, zito kuliko la kwanza. Baada ya mauaji yale, Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani aliongoza vita vya adhabu juu ya Wameru na Waarusha. Watu wengi waliuawa, na mifugo yao ikatekwa. Stefano, shahidi wa kwanza, aliwaombea msamaha waliompiga mawe. Basi damu ya shahidi ikifanywa hati ya kumwaga damu nyingine, aliyeheshimiwa ni nani: shahidi au upanga?

Yawezekana kujibiwa kwamba marehemu hawakuagiza kisasi. Ni kweli, maiti hana hatia ya matendo ya walio hai. Lakini kwa sababu hiyo hiyo deni huwaangukia wakumbukao. Mwaka 1902 misheni ilianzishwa Nkoaranga, na Wameru wengi wakaipokea imani ile ile. Warithi wa waliouawa kwa bunduki wakawa warithi wa waliouawa kwa mikuki. Watu wa namna hiyo hawawezi kulia kwa jicho moja. Heshima ya shahidi hutimia pale anapoombolezwa pamoja na msaidizi aliyekufa ubavuni pake, na pamoja na adui aliyeuawa kwa jina lake.