Ndoano Moja na Ziwa Zima

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Sheria tuwaachie wanasheria. Mimi nauliza haki.

Yupo mwenye chombo kikubwa, anatoka usiku na taa kali na wavu, anachota dagaa. Yupo pia mtu peke yake ndani ya mtumbwi mwembamba: kasia moja, mshipi, ndoano. Akipata samaki watano, anashukuru. Je, naye apumzike?

Najua mtasema, "Aa, huyo muacheni bwana, anatafuta mboga tu!" Lakini hebu tufikiri. Kila mwenye ndoano akisema wake ni kidogo, nani atabaki wa kuacha? Haba na haba hujaza kibaba, na hukimaliza pia.

Basi apumzike. Ila wote wakiacha siku moja, hawaachi kitu kimoja. Mmoja anaacha faida, mwingine anaacha chakula cha jioni. Anayemwamuru huyu wa pili aegeshe mtumbwi amwambie kwanza watoto watakula nini miezi mitatu. Akikosa jibu, jamani, hiyo si haki hata kidogo.