Ramadhani, Siku ya 18: Panga Dogo la Mkiani



Ndugu zangu katika imani, mama zangu, vijana wangu, poleni na swaumu. Alhamdulillah, tumefika siku ya kumi na nane. Darasa la leo ni kisa cha juzi tu, cha nyumbani kwangu, na aliyekosea ndani yake ni mimi. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata kama tumbo linakusema na muadhini bado.

Nina mpwa wangu wa miaka tisa, anakaa kwetu. Mwaka huu amejitahidi kufunga, babake akamletea zawadi: helikopta ya kuchezea, ile ya rimoti, yenye panga kubwa juu na panga dogo mkiani. Siku ya kwanza aliirusha nje, ikapaa vizuri, watoto wa mtaa mzima wakajaa. Siku ya pili, baada ya Alasiri, nikamwambia, "Lete hapa nikuonyeshe wanavyorusha wakubwa." Nikaiweka sebuleni, juu ya zulia. Akaniambia kwa adabu, "Mjomba, karatasi yake inasema iwekwe pahala pagumu, palipo sawa." Nikamjibu, "Wewe tulia."

Nikasukuma kijiti. Panga kubwa likavuma, helikopta ikanyanyuka kama shubiri mbili, kisha ikaanza kuzunguka kama pia. Nikaongeza nguvu nikidhani ikipanda itatulia. Ndio kwanza ikazidi, ikagonga mguu wa meza, ikalala ubavu. Nikajaribu mara ya pili, ya tatu, ya nne. Hali ile ile.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mbele ya bibi yake na mbele ya watoto wenzake, nikamgeukia: "Jana uliiangusha, ukanyamaza." Akasema, "Wallahi mjomba, sijaiangusha." Nikamwambia, "Usiape uongo na umefunga."

Akanyamaza. Magharibi ilipoingia akala tende moja, akanywa maji, akaenda kulala. Uji hakugusa. Mimi nikala nikashiba, nikachukua msala wangu nikaenda tarawehe. Wallahi, nilisimama safu ya mbele.

*Kwa fundi*

Kesho yake nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi simu, hapa karibu na msikiti. Kabla ya kugusa chochote akanieleza: "Shekhe, panga kubwa likizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta unasukumwa uzunguke upande wa pili. Hiyo si mbovu, ndivyo ilivyo. Sasa hili dogo la mkiani kazi yake ni kuuzuia mwili usizunguke. Dogo likilegea, kubwa linakuwa balaa."

Hata helikopta za kweli ziko hivyo. Mhandisi Igor Sikorsky, ambaye helikopta yake ya VS-300 ilinyanyuka kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1939, alihangaika na jambo hili hili, na muundo uliokuja kuenea duniani ni huo: panga kubwa juu, dogo mkiani.

Kisha akaanza kukagua kwa mpangilio, jambo rahisi kwanza.

Kwanza betri. Akasema betri ikiwa dhaifu, mota ya mkiani haipati nguvu ya kutosha, mwili unaanza kuzunguka. Akaipima, ilikuwa na chaji.

Pili, akazima kila kitu, akalisukuma panga la mkiani kwa kidole. Linatakiwa lizunguke bila kukwama. Likagoma. Akachukua kibano, akavuta taratibu, ukatoka uzi mwekundu mrefu uliokuwa umejisokota kwenye ekseli. Nikaujua uzi ule. Ni wa zulia langu.

Tatu, akatazama waya unaokwenda mkiani kama haujakatika, akatazama panga lenyewe kama halina ufa na kama halijavikwa kinyume, maana likivikwa kinyume linasukuma upepo vibaya. Akatazama na meno ya gia. Vyote salama.

Nne, akaiweka mezani, pahala palipo sawa, akaiwasha akaondoa mikono. Nikataka kuichukua, akanizuia. "Subiri taa iache kumeta. Ndani kuna kifaa kinachohisi mzunguko, tunakiita jairo. Sasa hivi kinajifunza kutulia ni nini. Ukiiwasha huku unaitikisa, kinajifunza kwamba kutikisika ndio kutulia, na ukiirusha itakwenda mrama."

Tano, akairusha. Ikabaki inapinda kidogo sana kushoto, akabonyeza kitufe cha kusawazisha mara mbili, ikasimama hewani kama imetundikwa. Akasema, "Vitufe hivi ni vya kupinda kidogo tu. Mota iliyokwama haiponi kwa kitufe."

(Wazazi mnaonisoma: kama ya mwanao ina mapanga mawili makubwa yaliyopandana juu na yanazunguka kinyume, hapo mzunguko mara nyingi ni mota mojawapo imechoka au gia imeteleza. Tazameni hapo kwanza.)

Mwishowe akauliza, "Nani aliirusha juu ya zulia?" Nikatazama chini.

*Tunajifunza nini?*

1. *Nguvu nyingi haitibu mkia uliokwama.* Mimi nilipoona inazunguka niliongeza nguvu, nayo ikazunguka zaidi, kwa sababu panga kubwa likipata nguvu zaidi ndipo la mkiani linapohitajika zaidi. Ndugu yangu, swala zako, saumu yako, juzuu unazosoma, hizo ndizo panga kubwa, ndizo zinazokupandisha. Sisemi uzipunguze, Allah atuepushe na maneno hayo. Ongeza! Lakini tazama na mkia: ulimi wako, dhana zako, haki za watu ulizozishika. Masahaba walimtajia Mtume s.a.w. mwanamke aliyekithirisha swala, saumu na swadaka, ila akiwaudhi majirani zake kwa ulimi. Hakumsifu kwa wingi wa ibada yake. Alisema mwanamke huyo ni wa Motoni. Panga kubwa lilikuwa linavuma, mwili unazunguka pale pale.

2. *Kinachokwamisha ni kidogo, na mara nyingi ni chako mwenyewe.* Mota haikuungua. Ni uzi. Na uzi ulitoka kwenye zulia langu, nilipokaidi neno la mtoto aliyesoma maelekezo. Mara ngapi nyumba inazunguka, mume na mke hawasemezani, mtoto hataki kurudi nyumbani, nasi tunamtafuta aliyeangusha? Anza kukagua kwako. Sayyidna Umar r.a. alituhimiza tujihesabu wenyewe kabla ya kuhesabiwa.

3. *Dhana si ushahidi.* Katika Suratul Hujuraat Mola wetu ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, na humo humo ametuamrisha tuithibitishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mimi sikuwa hata na habari. Nilikuwa na hasira ya kuaibika mbele ya watoto, nikaipa jina la ushahidi. Na mtoto alipotaja jina la Allah, nikamrudishia uso wake. Hebu fikiri: amefunga kwa mara ya kwanza, amesema kweli, na mtu mzima anayerudi tarawehe kila usiku ndiye aliyemfundisha kwamba kusema kweli hakusaidii. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Helikopta ni kitu cha kununua.

4. *Tulia kabla ya kuruka.* Moyo hugeuka. Mtume s.a.w. ameufananisha na unyoya uliotupwa jangwani, upepo unaugeuza huku na huku, na yeye mwenyewe, pamoja na daraja yake, alikuwa akikithirisha kumuomba Allah authibitishe moyo wake katika dini. Sisi tunaamka tunashika simu kabla ya dhikri, tunaingia kwenye swala tunakimbia, tunatoka tunakimbia. Moyo umewashwa huku unatikiswa, umezoea kwamba kutikisika ndio hali yake. Mpe Mola wako dakika tano baada ya Alfajiri, kaa pale pale uliposwali, usishike kitu. Subiri taa iache kumeta.

5. *Chagua anayekurudisha, sio anayekusukuma.* Fundi aliniambia kwamba kwenye zile helikopta za kuunga mwenyewe, jairo ikiwekwa kinyume, mkia ukianza kukimbia kulia nayo inausukuma kulia zaidi, na hapo hakuna rubani anayeiweza. Rafiki wa namna hii tunaye. Ukikasirika na nduguyo, anakuambia "na bado, mwoneshe." Muumini ni kioo cha mwenzake. Mtafute yule anayekuambia, "Shekhe, hapa umekosea."

*Nilichofanya*

Nilirudi nyumbani na helikopta mkononi. Nikamwita mpwa wangu, nikakaa chini nikawa usawa wake, nikamwonyesha ule uzi. Nikamwambia, "Mwanangu, ulisema kweli. Mimi nilikudhulumu. Nisamehe kwa ajili ya Allah."

Akautazama uzi, akasema, "Nimekusamehe mjomba." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini ulisema mbele ya bibi."

Ndugu zangu, sijasikia darasa zito kuliko hilo mwezi huu. Mtoto wa miaka tisa ananifundisha fiqhi ya tawba! Dhambi ikiwa baina yako na Allah, unaacha, unajuta, unaazimia kutorudia. Ikigusa haki ya mtu, kuna sharti la ziada: haki irudi kwa mwenyewe. Nilimvunjia heshima hadharani, nikataka kumlipa chumbani, kimyakimya, ili heshima yangu mimi isiguswe.

Basi jioni ile, tulipokaa kwenye mkeka wa futari, kabla ya adhana, nikasema mbele ya wote: bibi, binamu zake, na jirani aliyekuja na sahani ya mihogo. Nikasema helikopta niliiharibu mimi, mtoto hakuiangusha, na niliposema anaapa uongo, mwenye kosa nilikuwa mimi. Maneno machache tu, lakini yalikuwa mazito mdomoni kuliko kiu ya mchana kutwa. Bibi yake akasema, "Alhamdulillah." Mtoto akanisogezea bakuli la tende. Usiku ule akala uji bakuli mbili.

*Kazi ya leo*

Zimebaki siku mbili tatu tuingie kumi la mwisho. Huko sote tutaongeza nguvu: visimamo, itikafu, kuutafuta usiku wa Lailatul Qadri. Panga kubwa litavuma kuliko siku zote. Usiingie na mkia uliokwama. Kabla ya kulala leo, fanya mambo matatu:

– Taja moyoni mwako mtu mmoja uliyemdhania vibaya au uliyemvunjia heshima Ramadhani hii. Mmoja tu. Pengine ni mkeo, dada wa kazi, mtoto wako, au mnunuzi pale dukani kwako.

– Mtafute, umuombe radhi. Ikiwa ulimsema mbele ya watu, usafishe jina lake mbele ya watu wale wale. Ikiwa ulimsema kwenye kundi la simu, andika kwenye kundi lile lile.

– Usijitetee. Usiseme "nisamehe, lakini na wewe..." Hiyo "lakini" ndio uzi wenyewe.

Na wewe uliyeombwa radhi, samehe. Kama bado panauma, sema bado panauma, kama alivyosema mtoto yule. Hiyo nayo ni haki yako.

Ewe Mola wetu, zithibitishe nyoyo zetu katika dini yako. Tusafishie ndimi zetu, tutoe kwenye dhana mbaya, na utupe ujasiri wa kurudisha haki za watu kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu ya kulipia. Takabali funga zetu na za watoto wetu, na uwajaalie wakue wakijua kwamba kusema kweli kuna faida mbele yako na mbele yetu. Aamin yaa Rabbal aalamin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho, in shaa Allah, baada ya Alasiri.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.