Tadbiri ya Kununua Kinanda

Mtu wa kipato cha wastani anapoazimia kuwa na kinanda cha umeme nyumbani kwake, kwa nia ya kurekodi nyimbo zake mwenyewe bila ya kulipia saa za studio, hukabiliwa kwanza na tarakimu zilizochapishwa juu ya sanduku, ambazo takriban zote humweleza idadi ya sauti na midundo iliyomo, na chache mno humweleza yale ambayo mkono wake na sikio lake vitayahitaji kwa miaka mingi ijayo. Nimewaona vijana, Darajani na Kariakoo, wakisimama mbele ya vyombo hivi na akiba waliyoikusanya kwa taabu, wakiuliza kipi kina sauti nyingi zaidi; na kwa insafu yangu, miongoni mwa masuala yote ambayo mnunuzi angeweza kuuliza, hilo ndilo lenye faida ndogo kabisa.

Kabla ya yote nataka niondoe dhana kwamba chombo cha bei nafuu ni chombo cha dhila, maana dhana hiyo huwafanya wengine wakope fedha wasizoweza kulipa, na wengine wakate tamaa kabla ya kuanza. Mwaka 1981 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa kinanda kidogo kiitwacho MT-40, chenye vitufe vyembamba 37, kilichokusudiwa watu wa majumbani wala si wapigaji wa jukwaani, na miongoni mwa midundo yake ya tayari ulikuwamo mmoja uliotungwa na mfanyakazi kijana wa kampuni hiyo, Hiroko Okuda. Kinanda cha namna hiyo kikafika Jamaika. Mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakaupunguza mwendo mdundo ule ule, wakaujengea wimbo wa "Under Mi Sleng Teng" wa mwaka 1985, na rege ikaingia katika zama za mashine. Chombo chenyewe hakikuwa cha fahari. Sikio la waliokishika ndilo lililotambua kilichokuwamo ndani yake.

Hata hivyo vyombo rahisi havilingani. Binti wa ndugu yangu aliponiomba nimsindikize dukani, alikiendea kinanda kimoja kwa furaha akaniambia, "Ami, hiki kina sauti mia nne, na bei yake ni ndogo kuliko kile cha pembeni." Nikamjibu, "Mwanangu, gonga kitufe kimoja taratibu, kisha ukigonge kwa nguvu, unieleze umesikia nini." Akagonga, akarudia, na sauti ikatoka ile ile kwa kiasi kile kile, kana kwamba mkono wake haukuwa na la kusema. Akaniangalia, akaelewa. Chombo kisichohisi uzito wa kidole hakimfundishi mpigaji wala hakimfasiri. Huzuni na bashasha hutoka kwa kimo kimoja, na hakuna sauti mia nne zitakazofidia upungufu huo.

Nitoe mfano ulio wazi. Katika vinanda vya Yamaha, PSR-E273 na PSR-E373 hufanana kwa wajihi, kila kimoja kina vitufe 61, na aghalabu huwekwa katika rafu moja. Lakini cha kwanza hakihisi mguso wala hakina tundu la USB la kukiunganisha na kompyuta, ilhali cha pili kina yote mawili, na waya wake mmoja hupeleka kompyutani sauti yenyewe pamoja na maagizo ya vidole, hata mwenye nacho asihitaji kununua kisanduku kingine cha kupokelea sauti. Maagizo hayo ndiyo yaitwayo MIDI, utaratibu uliodhihirishwa hadharani Januari 1983 huko California, pale chombo cha Sequential Circuits kilipounganishwa na cha Roland, makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana, navyo vikasikizana. MIDI haibebi sauti. Hubeba habari ya kitufe kipi kimebonywa, wakati gani, na kwa nguvu kiasi gani katika daraja 127. Kwa hiyo aliyepiga wimbo vyema akateleza kidole mahali pamoja huweza kukisahihisha kidole hicho peke yake, bila ya kuurudia wimbo mzima, na kwa mtu anayerekodi usiku baada ya kazi za mchana, rehema hiyo si ndogo.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji kabisa, nalo kwetu sisi watu wa pwani ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipotaka sauti yake ihifadhiwe katika sahani za santuri, mwaka 1928, ilimbidi avuke bahari hadi Bombay pamoja na wenzake. Leo binti aweza kuihifadhi yake katika chumba anacholala. Lakini kinanda cha kawaida huigawa oktava katika nusu 12 zilizo sawasawa, ilhali katika maqamu, yaani ngazi za sauti zitumikazo katika taarabu, ile ya rasti daraja ya tatu na ya saba hukaa mahali pasipo na kitufe, baina ya cheupe na jirani yake mweusi, na katika bayati ni daraja ya pili. Vipo vinanda vinavyomruhusu mpigaji kuzishusha sauti hizo kwa robo, yaani senti 50 katika hesabu ya mafundi, na vipo visivyoruhusu. Anayenuia taarabu asitoe fedha yake kabla ya kuuliza habari hiyo na kuijaribu kwa mkono wake. Najua baadhi ya wajuzi watanijibu kuwa akodiani, iliyokaa katika vikundi vya Unguja kwa miaka mingi, aghalabu nayo haina robo hizo, na taarabu haikufa. Jawabu lao ni la haki. Ila akodiani ilizungukwa na fidla, udi na nai, vyombo vinavyoweza kuifikia sauti popote ilipo, na tangu miaka ya 1990, kinanda kilipoanza kushika nafasi ya takriban kikundi kizima katika taarabu ya kisasa, fidla hiyo ya kukisitiri haipo. Anayerekodi peke yake ndiye kikundi, na akikosa robo yake, wajukuu zake watarithi rasti isiyo rasti.

Kuhusu vilivyotumika, sina pingamizi, ilimradi mnunuzi atazame nyuma ya chombo na kusoma nguvu ya umeme. Vile vilivyotengenezwa kwa soko la Japani aghalabu hutumia volti 100 tu, na kukichomeka cha namna hiyo moja kwa moja katika umeme wetu wa 230 ni kukiunguza siku ile ile. Kinachokubali betri kina fadhila yake pia, kwa sababu zinazojulikana na kila aishiye kwetu.

Na kama fedha imepungua kidogo kufikia chombo kinachohisi mguso, rai yangu ni kusubiri. Kukinunua kilicho duni kwa haraka, kisha kukiuza kwa hasara baada ya mwaka, ni israfu iliyovaa kanzu ya uangalifu. Kadhalika kuruka hadi kwenye chombo cha mamilioni, wakati mkono haujafikia mpaka wa kilichopo, ni israfu ya namna nyingine, na nadhani ni mbaya zaidi, kwa kuwa hula karo na chakula cha watu wengine waliomo nyumbani.

Basi aendaye dukani kesho na achukue spika zake za masikioni, waya wa USB, na kompyuta ikiwa anayo, amwombe mwenye duka kwa adabu ampe nafasi, akigonge kitufe kwa upole na kwa nguvu, ashikilie sauti nyingi kwa pamoja asikilize kama za mwanzo zinakatika, aunganishe, arekodi kipande kifupi na kukisikiliza. Mwenye duka akikataa kukiwasha chombo, na amshukuru, aende la pili.