Mizani ya Shaba

Ninayo nyumbani kwangu Kombewa pesa moja ya shaba ya mwaka 1888, iliyopigwa chapa kwa ajili ya Mombasa, ambayo upande mmoja ina jua lenye taji na jina la Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki, na upande wa pili mizani pamoja na mwaka wa Hijra 1306. Niliinunua Kisumu kwa mwuza vyuma chakavu asiyejua ilikotoka, na tangu siku hiyo sijatulia, nikijiuliza kama kitu kilicholipiwa kihalali chaweza kubaki amana ya mwingine.

Mafakihi wamefundisha kwamba mwenye kuokota mali sharti aujue kwanza mfuko wake na kamba yake, kisha aitangaze mwaka mzima, na hata akiitumia baada ya hapo dhima haimwondokei, kwani mwenyewe akija na kuzitaja alama zake, hupewa haki yake. Mimi sikuokota, nilinunua. Lakini aliyeniuzia huenda aliokota.

Basi mwenyewe ni nani? Kampuni haina dai: ilipata hati ya Malkia Victoria mwaka ule ule wa 1888, ikaishiwa, na mwaka 1895 serikali ya Kiingereza ikaitwaa nchi. Wenye dai, nionavyo, ni wale walioshikishwa fedha za wageni kwa ulazima: reli ilipofika Port Florence, ndiyo Kisumu, Desemba 1901, na kodi ya nyumba ilipotozwa, wazee wa kwetu Seme waliohesabu utajiri kwa ng'ombe wakalazimika kuuza mifugo, au nguvu za mikono yao, wapate rupia; hata mkutano wa Lundha, Desemba 1921, uliozaa chama cha Piny Owacho, ukadai kodi ipunguzwe.

Nafikiria pia mali iliyopotea baharini: vyombo vya Santo António de Taná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1697, na ambayo wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977, vimehifadhiwa humo ngomeni, wala haviuzwi; ni kama wakfu, ijapokuwa hakuna aliyeviweka wakfu. Mkusanyaji mwenye kuficha sandukuni, akingoja bei ipande, simwoni kuwa na udhuru.

Basi nimeanza tangazo langu. Siku za soko huichukua pesa ile katika kitambaa, na mzee yeyote aulizaye humpa aishike. Juzi mmoja aliifumba kiganjani kitambo kirefu, kisha akanitajia rangi ya mbuzi ambaye babu yake alimwuza apate kodi.