Jiwe la Phang Nga na Bastola ya Dhahabu

Katika ghuba ya Phang Nga, kusini mwa Thailand, jiwe moja limesimama baharini peke yake. Kimo chake ni mita 20 hivi. Juu limenenepa, upana wake unafika kama mita nane, lakini shingoni, pale linapogusana na maji, limebaki na kama nusu ya hizo. Ukilitazama unashangaa ni nini kinachozuia lisipinduke. Wenyeji wanaliita Ko Tapu. Watalii wameliambatanisha na jina la James Bond, na kisa cha jina hilo ni sinema ninayoipenda pamoja na madhambi yake yote.

The Man with the Golden Gun ilitoka Desemba 1974. Mwongozaji ni Guy Hamilton, na Roger Moore anamwigiza jasusi Bond kwa mara ya pili. Adui yake ni Scaramanga, muuaji wa kukodiwa anayetoza dola milioni moja kwa risasi. Christopher Lee anamwigiza kwa utulivu wa kutisha: mrefu, nadhifu, mkarimu mezani. Amekipata kifaa cha kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme, na makao yake yako kisiwani, mkabala na Ko Tapu. Kilele cha jiwe kinafunguka, mtambo wa kunasia jua unachomoza. Mwaka mmoja tu nyuma nchi za Kiarabu zilikuwa zimebana mafuta, bei ikapaa, kwa hiyo mtazamaji wa siku zile hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu aue kwa ajili ya kifaa kama hicho.

Madhambi hayafichiki. Wanawake wamedunishwa: mmoja anapigwa kofi na huyo huyo tunayeambiwa ni shujaa, mwingine anafungiwa kwenye buti la gari, kisha anagusa swichi kwa makalio na karibu amuue mwenzake. Kuna sherifu wa Kimarekani anayewatukana Waasia, eti tucheke. Mtoto anayemsaidia Bond mtoni anasukumwa majini badala ya kulipwa. Siwezi kuyatetea hayo.

Kosa linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni la filimbi. Gari linaruka mto kwenye daraja lililovunjika, linajizungusha hewani mzunguko mmoja kamili kama samaki aliyenaswa, kisha linatua kwa magurudumu yake ng'ambo ya pili. Ujanja wa kamera haumo. Hesabu zilipigwa kwa kompyuta, dereva akaruka mara moja, akafaulu. Na juu ya tendo hilo wakaweka mlio wa filimbi ya kuchekesha watoto! Walikuwa na ajabu mkononi, wakaionea haya.

Bahati njema, Ko Tapu hawakulipigia filimbi. Kamera inalizunguka, inaliacha liwe jiwe, na ndipo naona kazi ya Muumba ikiwashinda mafundi wa mapambo. Mwamba huo ni chokaa, na chokaa hiyo ni mabaki ya viumbe vya baharini, magamba na mifupa yao, vilivyotuama chini ya bahari ya kale zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Ardhi ikasukumwa juu, ikapasuka. Mvua inayoshuka na kaboni ya hewani huwa na ukali kidogo sana, ulimi hauuhisi, lakini chokaa inauhisi. Tone kwa tone nyufa zikawa makorongo, vipande vilivyobaki vikawa minara. Zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita mia moja, na minara hiyo ilisimama nchi kavu. Maji yaliporudi yakaanza kuila shingoni, yakisaidiwa na konokono wanaokwangua mwani juu ya jiwe. Aliyetembea Watamu, pwani ya Kenya, maji yakiwa yamekupwa ameiona kazi hiyo hiyo kwenye visiwa vidogo vya matumbawe, vilivyoliwa chini vikabaki na umbo la uyoga.

Scaramanga alitaka kuliuza jua kwa mnunuzi mmoja. Sinema haijui jinsi wazo hilo linavyochekesha. Mwanga unatufikia kwa dakika nane na ushei, unaanguka juu ya bati la maskini na kasri la tajiri bila stakabadhi, na leo paneli zilizo juu ya mabati mengi ya vijijini zinafanya kazi ambayo mwaka 1974 ilipewa jasusi ailinde kwa bastola.

Tangu mwaka 1998 boti za watalii zimekatazwa kulisogelea Ko Tapu, ili mawimbi yake yasiongeze ulaji wa shingo. Sinema ndiyo iliyowaleta wageni hao, nalo hilo liwekwe kwenye hesabu ya kasoro zake. Asiye na muda wa kuitazama yote aanzie pale ndege ndogo ya majini inapopita juu ya ghuba. Mwenye muda aitazame tangu mwanzo, ila gari likikaribia daraja azime sauti.