Kabati la Filamu Ni la Nani?

Wako watu, wala si wachache, ambao wakipata mshahara hawawezi kulipita duka la filamu pasipo kuingia. Zamani walinunua kanda za video, kisha DVD, na sasa filamu mia kadhaa zaweza kulala ndani ya kifaa kinachotosha mfukoni. Nyingine huongezwa kabla zile za mwezi uliopita hazijatazamwa. Twauliza: je, mtu huyu atenda jema, au ametawaliwa na vitu vyake?

Ni rahisi kumlaumu. Ada ya shule na dawa ya mgonjwa zina haki ya kwanza, na baba anayezisahau kwa ajili ya sinema hana la kujitetea. Hilo halihitaji maneno mengi. Lakini tukimtazama mwenye nyumba aliyekwisha kutimiza wajibu wake, shauri si jepesi kama lionekanavyo.

Filamu hupotea upesi kuliko kitabu. Zile za kwanza zilipigwa juu ya utepe wa nitrati, ambao hushika moto kwa urahisi, na usipoungua huoza wenyewe. Maktaba ya Bunge la Marekani ilieleza mwaka 2013 kwamba karibu asilimia 70 ya filamu bubu ndefu za nchi ile zimepotea. Wenye kampuni hawakuzililia. Nyingi waliziharibu wao wenyewe, kwa kuwa hazikuleta faida tena. Filamu ya Carl Dreyer ya mwaka 1928, juu ya mateso ya Mtakatifu Yoana wa Arc, iliunguliwa nakala yake mama, hata ilipofika mwaka 1981 nakala njema ikaonekana katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Norwei. Metropolis ya Fritz Lang ilikatwa vipande baada ya kuonyeshwa Berlin mwaka 1927. Vingi vya vipande hivyo vilipatikana Buenos Aires mwaka 2008, kutokana na nakala ambayo zamani ilikuwa mikononi mwa mkusanyaji binafsi. Mtu yule hakuitunga filamu ile wala hakuigiza ndani yake. Aliiweka tu, na huenda majirani walimwona mpumbavu.

Nasi tunayo ya kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Tanganyika filamu ya Kiswahili, Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Ni wangapi kati ya wajukuu wa watazamaji wale waliopata kuiona?

Watakuwapo watakaosema: ya nini kabati, hali kila kitu chapatikana kwa intaneti? Hao na wakumbuke Disemba 2023. Kampuni ya Sony iliwaarifu wateja wake wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvilipia vitaondolewa ifikapo mwisho wa mwaka. Kabla mwezi haujaisha kampuni iligeuza shauri, lakini mambo yalikuwa yamekwisha kuwa wazi: watu wale walinunua ruhusa, na ruhusa yaweza kutwaliwa.

Kwa hiyo hatuwezi kumhukumu mkusanyaji kwa kuhesabu filamu zake. Twamhukumu kwa ufunguo wa kabati. Kama aliyeinunua ndiye peke yake aitazamaye, au hata yeye haitazami, basi ameizika, ijapokuwa imefutwa vumbi kila Jumamosi. Kama huikopesha, huwaita vijana wa mtaa, huwaeleza wanawe ni nani aliyeitengeneza na kwa nini, basi yeye ni mtunzaji, na sifa ya mtunzaji ni kubwa kuliko ya tajiri. Mtunzaji huyo pia hatajaza kabati kwa nakala za wizi, ati kwa sababu ni rahisi. Mwigizaji wa Dar es Salaam au Nairobi asiyelipwa kwa filamu ya kwanza atatengenezaje ya pili?

Mwenye filamu thelathini zisizofunguliwa aanze na moja jioni ya Jumamosi hii, watoto wa jirani wakiwa wameketi mkekani. Ile mpya ya dukani na ingoje.